Nakala ya Bi Asila

Kabla ya alfajiri Bi Asila alisikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe jikoni. Kiligonga mara mbili, kikapumzika, kikagonga tena mara moja, vile vile anavyogonga yeye akimaliza kukoroga chai. Alikuwa bado kitandani, amelala upande wa nje kama kawaida yake, shuka mpaka kidevuni. Kwa hiyo alijua si yeye.

Alivaa ndara, akajifunga kanga, akaenda kutazama. Kwenye kiti chake, kile chenye mto, alikaa mwanamke mzee mwenye miwani kama yake, kanga kama aliyoivaa, na lile kovu dogo la mafuta ya sambusa juu ya kifundo cha mkono. Alikuwa ametia chai vikombe viwili.

"Nimekutilia iliki," yule mwanamke alisema. "Sukari nimekupunguzia. Daktari kasema."

"Kasema mie tu?"

"Kasema sote. Lakini mie ndo kwanza naanza leo."

Bi Asila alivuta kiti kingine, ambacho hakuwahi kukikalia tangu mumewe afariki, akaonja chai. Ilikuwa nzuri. Aliuliza mgeni ametoka wapi, akajibiwa ametoka Deira, kavuka hori kwa abra, zile mashua za kuvushia watu. Kijana wa abra alimshika mkono wakati wa kupanda, na wakati wa kushuka akamshika tena bila kuombwa. Bi Asila alisema wale vijana wamelelewa vizuri. Mgeni alisema ndiyo, na wanalala kidogo sana.

Dorah alitoka chumba cha nyuma na mswaki mdomoni. Alikuwa mpangaji wa Bi Asila katika ile fleti ya Al Mankhool, Dubai, mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka Kitale, na asubuhi huwa hasemi mpaka anywe chai. Siku hiyo alisema.

"Nyanya, mko wawili."

"Tuko wawili," Bi Asila alisema. "Na nishakwambia, mie si nyanya. Nyanya ni tungule, inatiwa mchuzini."

"Sasa huyu mwingine nitamwita nani?"

"Bibi," walijibu wote wawili.

Mgeni alinyoosha mkono wa kulia kuchukua andazi, na katikati ya kiganja chake palikuwa na muhuri wa rangi ya zambarau: NAKALA. Dorah aliutazama, akaenda kusukutua kinywa, akarudi akakaa.

"Haki," alisema, "hii ni mimi nimefanya."

Dorah alifanya kazi katika ghala moja la Deira, nyuma ya maduka ya jumla ya viungo na vyombo. Ghala lile lilihifadhi karatasi za mtambo mmoja wa umeme ulio mbali sana jangwani, unaotumia fueli ya nyuklia. Fueli ile ikishamaliza kazi haitupwi. Hutiwa kwanza kwenye bwawa la maji ipoe kwa miaka, kisha huhamishiwa kwenye mapipa makubwa ya chuma na zege, ikakaa humo kwa muda ambao hakuna aliyeahidi kuuona mwisho wake. Na kila fungu la fueli hiyo lina karatasi zake.

Dorah aliwahi kumweleza Bi Asila haya yote siku moja ya Ijumaa walipokuwa wakikata bamia.

"Ni kama makaa, nyanya. Yamemaliza kupika lakini bado ni moto. Sasa haya ni moto mpaka wajukuu wa wajukuu."

"Na nani anayaangalia?"

"Kuna watu. Tena yanaandikwa. Kila fungu lina namba yake, limetoka wapi, limewekwa wapi, nani alilipokea. Yanaandikwa mara mbili. Asili inakaa kule mtamboni, nakala inakuja kwetu, mbali, ndio moto mmoja usichome zote."

"Zikae mpaka lini?"

"Mpaka siku fueli itatolewa. Na miaka mingine mitano juu."

"Na mkikosea?"

"Hakuna kufuta. Unapiga mstari, unaandika sababu, na hiyo yenye umekosea lazima bado isomeke. Halafu kila mwaka mtu anaenda kuangalia na macho yake kama yenye imeandikwa iko."

Bi Asila alikata kikonyo cha bamia. "Wallahi hiyo fueli ina bahati," alisema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayemsifu mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani.

Yeye alifika Dubai akiwa mtoto, mwaka ule ambao familia nyingi ziliondoka Unguja kwa haraka. Vyeti vya nyumba nzima vilikuwa nakala moja, katika sanduku moja, katika nyumba moja, na nyumba ile iliungua. Siku ya kuondoka dada yake Hilwa alikuwa kwa shangazi yao Bumbwini. Chombo hakikungoja. Baba yao alidhani atarudi kumchukua wiki inayofuata, na aliendelea kudhani hivyo mpaka alipokufa. Bi Asila alikulia Dubai, akaolewa Dubai, akazika Dubai. Hakujaaliwa mtoto, lakini alilea wa majirani mpaka wakaota ndevu, na wengine bado humletea samaki. Alikuwa na karatasi ya muda inayosema anaruhusiwa kuwepo. Karatasi ya kumwezesha mtu kuvuka mpaka na kurudi hakuwa nayo.

Kwa hiyo yeye na Hilwa walikuwa watu wa simu, kila Ijumaa baada ya sala. Utotoni walilala kitanda kimoja, Hilwa upande wa ukutani kwa kuwa aliogopa kuanguka, ingawa ndiye mkubwa. Bi Asila aliendelea kulala upande wa nje. Mumewe aliwahi kumuuliza kwa nini, akaambiwa, na tangu siku ile marehemu alilala ukutani bila kulalamika, akisema anamshikia shemeji yake nafasi.

Sasa miguu ya Hilwa haikuweza kumfikisha hata sokoni, na macho yake yalikuwa yanakwenda. Aliona mwanga, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Bi Asila alitaka kusimama kwenye mlango ule kabla kivuli nacho hakijaondoka. Hakutaka kingine. Ndiyo maana alikuwa akienda dirishani.

Dirisha la kuombea hati ya kusafiri lilikuwa katika jengo safi lenye baridi. Siku moja kabla ya ile asubuhi ya vikombe viwili, Dorah aliomba ruhusa kazini, akampeleka, na akamjazia fomu kwa sababu mkono wa Bi Asila unatetemeka. Jina: Asila. Ametoka: Unguja. Yupo: Al Mankhool. Kijana wa dirishani aliisoma yote. Aliuliza cheti cha kuzaliwa. Aliuliza cheti chochote, cha mtu yeyote, kinachoonyesha kwamba mama huyu aliwahi kuandikwa mahali. Hakukuwa nacho. Kijana alisema arudi atakapokipata, kisha akatoka nje ya kibanda chake, akamletea chupa ya maji, na akamfungulia kizibo. Bi Asila alimwombea dua njia nzima.

Mchana Dorah alirudi ghalani. Yeye na mwenzake Austine walikuwa na namna yao ya kufanya kazi: Austine anasoma kwa sauti, Dorah anaandika kwenye mashine. Kampuni ilitaka karatasi ya kwanza iandikwe kwa neno la Kiarabu, asli. Wao walisomeana kwa Kiswahili ili wasisinzie, wakazoea kuandika asili, na mkuu wao alifikiri hiyo ni tahajia ya Kikenya, akaiacha. Asili, nakala. Asili, nakala. Mahali fulani baada ya chai ya jioni Austine alisema asili, na mkono wa Dorah, ambao ulikuwa bado uko dirishani, ukaandika Asila. Ukaendelea wenyewe: imetoka Unguja, imewekwa Al Mankhool. Mashine haikukataa. Ilitoa namba, ikauliza kama nakala itengenezwe. Dorah, ambaye siku zote hujibu ndiyo, alijibu ndiyo.

Nakala alijikuta amesimama katikati ya rafu, amejifunga kanga, magoti yakimuuma. Mlinzi wa ghala alimkuta, akampa kiti chake akae mpaka miguu ipate damu, kisha akamwonyesha njia ya kwenda kwenye abra. Alijua anapokaa. Alikuwa amekaa pale karibu maisha yake yote.

Msimamizi wa kumbukumbu, bwana mmoja aitwaye Mohannad, alikuja mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kitu kilichoandikwa lazima kionekane kwa macho. Alivua viatu mlangoni ingawa aliambiwa asivue. Alikunywa kahawa, akala tende, akauliza hali za afya za wote wawili, ndipo akafungua mkoba. Alimtazama Bi Asila, akamtazama Nakala, akaandika. Aliomba kuona makovu, na aliomba kwa adabu. Kisha alishika mikono ya Nakala, mmoja mmoja, kuona kama ina joto, kwa kuwa fueli huwa na joto.

"Kidogo," alisema, "kama mkate uliotoka jikoni muda si mrefu."

"Na mie?" Bi Asila aliuliza, akatoa wake.

Mohannad alishika. "Sawasawa na yeye, mama. Nakala ni sahihi."

Dorah alikuwa amesimama karibu na friji. "Sir," alisema, "naweza kurekebisha? Ni herufi moja tu."

"Hakuna kufuta, unajua."

"Najua."

"Tunaweza kupiga mstari. Lakini chini ya mstari ataendelea kusomeka, na akisomeka yupo." Mohannad alifikiri kidogo. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: mkono ulitangulia. Hakuandika mkono wa nani. Dorah aliketi.

Bi Asila alisubiri amalize. "Sasa, mwanangu, mie nimeandikwa?"

"Umeandikwa, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapoondoka. Na miaka mitano baada ya hapo."

"Naweza kuipata hiyo karatasi?"

Aliipata, na muhuri juu yake. Keshoye yeye na Dorah walirudi dirishani. Kijana yule yule aliisoma kwa makini, akamwita mwenzake, wakaisoma pamoja. Waliona kila kitu kipo: namba, alikotoka, alipo, aliyethibitisha. Waliona pia kwamba kwenye nafasi ya aina palikuwa pameandikwa fueli iliyokwisha kutumika. Kijana aliirudisha kwa mikono miwili.

"Mama, hii inasema umehifadhiwa," alisema. "Haisemi unaishi."

Alimletea tena maji, akafungua kizibo.

Kwenye metro Dorah alitazama nje vituo vitatu vizima. Halafu alisema, polepole, "Nyanya, taka iko na makaratasi kukuliko."

"Usiiite taka," Bi Asila alisema. "Ilifanya kazi."

Lilibaki jambo moja. Mohannad alipiga simu jioni kusema kwamba asili na nakala hawaruhusiwi kukaa jiko moja. Gesi ikilipuka wanakwenda wote, na hilo ndilo jambo ambalo sheria iliandikwa ili lisitokee. Nakala arudi ghalani Deira. Ataongezewa feni.

Nakala alikuwa anachambua mchele. Aliacha kuchambua.

"Ni lazima iwe Deira?" Bi Asila aliuliza kwenye simu.

"Ni lazima iwe mbali, mama. Mbali kiasi kwamba balaa moja lisiwapate wote wawili. Sheria haitaji kilomita."

"Unguja je?"

Kulisikika mtu akifungua kurasa.

"Unguja ni mbali," Mohannad alisema. "Kuna mahali pa kuaminika huko? Lazima pawe na mtu wa kupokea."

"Yupo dada yangu."

Kwa hiyo Nakala akapata hati ya kusafiri. Ilitoka bila dirisha, kwa kuwa kitu kilichoandikwa kina haki ya kuhamishwa: kitokapo, kiendapo, anayekabidhi, anayepokea. Bi Asila aliisoma mara kadhaa. Alikuwa hajawahi kuona jina lake na neno Unguja katika karatasi moja yenye ruhusa.

Badawi, wakala wa mizigo wa Deira ambaye hupeleka magodoro na friji Unguja kila wiki, aliweka miwani akaisoma naye. Alisema katika miaka yake yote hajaona mzigo wenye hati zilizokamilika namna ile.

"Ila nyaraka huwa natia kwenye sanduku," alisema.

"Mimi nina magoti mabovu," Nakala alimjibu.

"Naona. Utakaa kitini." Aliandika: ikae kitini. Chini yake akaongeza kwa hiari yake: karibu na choo. Kisha akavua shali lake akampa, kwa kuwa ndege huwa na baridi na wazee hawasemi.

Kwenye uwanja wa ndege Bi Asila alimpa Nakala mfuko: tende, dawa ya kuchulia magoti, gauni la kulalia lenye vifungo vikubwa ambavyo mtu asiyeona anaweza kuvifunga. Dorah alikuwa amewapisha kidogo, anajifanya anasoma matangazo.

"Nimwambie nini?" Nakala aliuliza.

"Si unajua."

"Najua. Lakini nataka unitume."

Bi Asila alimtengeneza ushungi. "Mwambie nafasi yake ya ukutani ipo," alisema. "Mwambie hajaikalia mtu ila marehemu, naye alikuwa anamshikia tu."

Hilwa alimpokea Nakala nyumbani kwake Mwembetanga. Aliona kivuli mlangoni, akasema pita, mbona umesimama. Alimshika uso, akaupapasa wote, akamshika kiganja na kuusugua muhuri kwa dole gumba kama mtu anayejaribu kama wino umekauka. Mtu wa Badawi alimpa karatasi ya kupokelea, naye Hilwa akaweka alama ya dole lake. Aliulizwa kama mzigo umefika mzima, akajibu umefika mzima, umechelewa tu. Usiku ule walilala kitanda kimoja, Hilwa ukutani.

Haya Bi Asila aliambiwa kwa simu. Tangu hapo kila Ijumaa zilikuwa sauti mbili upande wa pili. Alifurahi. Hakuwa tena na wasiwasi kama Hilwa amekula, kwa sababu alijua nani anampikia na kwamba chumvi haitazidi. Yeye na Dorah waliendelea kama kawaida. Dorah alibaki na kazi yake, na Austine sasa alikuwa akisoma polepole zaidi. Wakati mwingine, simu ikipokelewa, Bi Asila aliwakuta wawili wale wanamalizia kucheka jambo lililotokea kabla hajapiga. Alingoja wamalize. Hakuuliza lilikuwa jambo gani, kwa sababu kicheko cha namna ile hakielezeki kwa simu.

Mwaka ulipotimia kijiko kiligonga tena kabla ya alfajiri, mara mbili, kikapumzika, kikagonga mara moja. Bi Asila alijua ni siku ya kulinganisha. Alikwenda jikoni, na safari hii alikaa kwenye kile kiti kingine bila kufikiri.

Nakala alikuwa ameiva kwa jua. Alikuwa amepungua kidogo, na alikuwa anacheka kabla ya kumaliza sentensi, jambo ambalo Bi Asila hakuwa nalo.

Mohannad alikuja saa tatu, akavua viatu. Aliwalinganisha mstari kwa mstari. Uso, sawa. Kovu la sambusa, sawa. Joto, sawa, limepungua kidogo kwa wote wawili, kama ilivyotarajiwa. Alipofika kwenye mkono wa kulia wa Nakala alisimama. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu jipya.

"Hili silo la kwetu," alisema.

"Mbuzi ya nazi," Nakala alisema. "Ya Hilwa. Ina meno ya kale."

Mohannad aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba asili na nakala lazima zilingane. Kwa kawaida nakala ndiyo husahihishwa ifuate asili. Lakini kovu haliwezi kuondolewa, kwa kuwa hakuna kufuta. Inabaki njia moja, nayo ni asili kuongezewa kilichopungua. Alimgeukia Bi Asila.

"Lazima nikuombe ruhusa, mama. Huenda ikauma."

"Andika, mwanangu."

Aliandika. Alitia sahihi, akagonga muhuri. Kidole cha Bi Asila kilichoma, tone la damu likatoka, likakauka, likawa kovu. Halafu yakaja mengine yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayeanua nguo kavu kambani. Ilikuja mbuzi yenyewe, na sakafu ya saruji iliyopoa chini ya nyayo. Ilikuja harufu ya tui. Alikuja Hilwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda na gauni lenye vifungo vikubwa, akisema taratibu, ina makali hiyo, na yeye Asila akisema naijua mbuzi, nimekuna nazi kabla hujaota meno, na Hilwa akimkumbusha kuwa yeye ndiye mkubwa, na kidole kukatika papo hapo, na kicheko. Ulikuja mkono wa dada yake ukimpapasa uso mlangoni, mkavu, wenye harufu ya sabuni. Uliletwa hata ule usiku wa kwanza: mgongo wa Hilwa, na ukuta upande wake wa pili.

Mohannad alikwenda mlangoni, akavaa viatu polepole sana, na alipomaliza kamba za kwanza akazifungua akazifunga upya. Dorah alizima jiko ambalo halikuwa limewashwa.

"Na hii sasa," Bi Asila aliuliza baadaye, akiitazama karatasi, "huenda ikakubaliwa dirishani?"

Mohannad aliisoma tena yote, kwa haki. "Sidhani, mama."

"Na mie sidhani," alisema. Aliikunja, akaiweka kwenye kabati la vyombo pamoja na ile ya kwanza, akamfungia Mohannad vitumbua vya kumpelekea mama yake.

Mohannad alipokwisha kuondoka, Nakala alipiga simu Unguja kusema kazi imekwisha na kesho ataondoka na Badawi. Alicheka na simu, akasema ndiyo, ndiyo, yupo hapa, akampa Bi Asila.

"Wewe ni yupi?" Hilwa aliuliza.

"Asili."

"Kidole kinauma?"

"Kinauma kidogo."

"Pole. Si nilikwambia ile mbuzi ina makali?"

"Uliniambia," Bi Asila alisema. Aliliangalia kovu lake. "Sikukusikia, nilikuwa nakujibu."

Hilwa alicheka, na Bi Asila alicheka naye wakati ule ule, bila kungoja. Kisha kwa mbali katika simu ukasikika mlango ukipigwa na upepo. Bi Asila aliujua ni mlango gani.

"Basi usikae sana huko, Asila," Hilwa alisema. "Njoo tena."